Bia Isiyotoka Nyumbani

9 Machi

Mjomba, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti lako limeacha kutabiri mvua. Huku hatujambo. Kaka bado anatengeneza redio za watu na kuzirudisha zikiwa kimya kuliko alivyozipokea. Paka wa jirani amezalia tena chini ya ngazi zetu, na sasa tunamlisha sisi kana kwamba ndio sisi tuliomwoza. Mama hajambo, anakusalimu sana.

Nakuandikia kwa sababu simu yako haipatikani. Wewe mwenyewe ulisema mtandao wa huko unashika juu ya tangi la maji tu, nami sitaki mjomba wangu aanguke kwa ajili ya "hujambo".

Sasa jambo lenyewe. Unaikumbuka nyumba ya bia ninakofanya kazi, uliyotutengenezea pampu likizo yako ya mwisho. Ile bia nyeusi niliyokuonjesha ikiwa mbichi, ukakunja uso ukasema "inakaribia", sasa imefika. Watu wanavuka mji kuja kuinywa. Tabu ni kwamba haiuzwi kwenye chupa. Inatoka kwenye pipa, inapita bombani, inaingia kwenye glasi, basi. Hatuichuji, kwa hiyo hamira yake bado hai. Ikipata joto inaanza kazi upya na chupa inapasuka. Bosi wetu, Mzee Kipimo, anasema bia hii ni kama mgonjwa wa wodini: anayeitaka aje kuiona. Rafiki zangu wa shule, waliotawanyika kila upande, wananiomba niwatumie. Wote nimewakatalia.

Wewe nimeshindwa kukukatalia. Nimejaza chupa mbili bombani, nimezifunga vifuniko vya kuzungusha, nimezivika soksi za kaka zisigongane. Anakuletea Breki, dereva wa lori la saruji anayepita huko kwenu. Tunamwita Breki kwa sababu lori lake halina.

Onja, uniambie ukweli. Wa hapa wote wananisifu ili niwapunguzie povu na kuwaongezea bia. Na likizo vipi, Mjomba? Mwaka jana ulisema kazi ni nyingi, na wa juzi vilevile.

Mpwa wako,
Mpika bia


2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Najibu kwa utaratibu: kwanza salamu, pili bia, tatu likizo.

Salamu zimefika. Goti limeacha mvua, siku hizi linatabiri jua. Mwambie kaka yako kwamba redio iliyo kimya haina kosa, kosa ni kuirudisha kwa mwenyewe. Umeandika kwamba dada yangu ananisalimu "sana". Nami namsalimu. Sikujua kwamba ana neno hilo.

Bia. Nilifungua jioni, baada ya kuiweka kwenye maji baridi. Povu lilisimama imara, rangi ya krimu, halikuwa na haraka ya kushuka. Harufu ni ya mkate uliotolewa jikoni sekunde moja kabla haujaungua. Mwanzoni ni tamu, mwishoni ina uchungu wa heshima. Ile ladha ya majani niliyoilalamikia imekwisha. Mpwa wangu, umefika. Chupa ya pili niliimaliza kesho yake na ilikuwa vilevile.

Likizo. Kazi ni nyingi. Mitambo ya soda haina mtu mwingine anayeijua, na nikigeuka tu kitu kinasimama. Nitakuja mambo yakitulia.

Usitume tena. Utamchosha dereva.

Mjomba wako


21 Aprili

Mjomba, shikamoo,

Watoto wa paka wamefungua macho, kaka amepata baridi yabisi ya vidole, ndivyo anavyoiita, na redio zinamshukuru.

Sasa nisikilize. Juzi Breki alikuja kunywa. Alipofika glasi ya tatu akaanza kunikwepa macho. Nikamuuliza, "Breki, una nini?" Akasema, "Dada, mimi ni mtu mbaya." Nikamwambia hilo tunalijua, aendelee. Ikatoka yote. Chupa ya kwanza ilipasukia kwenye kibanda cha lori, akadhani amepigwa risasi. Ya pili akaiogopa, akaona afadhali aifungue kabla haijamuua. Ilipofunguka, akaona haifai kumwaga. Wewe alikukabidhi barua peke yake, akaondoka bila kuzima lori.

Kwa hiyo, Mjomba, lile povu lililosimama imara lilisimama wapi? Uchungu wa heshima ulipita koo la nani? Nilikuwa nimeikata ile sehemu ya barua yako nikaibandika juu ya pipa! Mzee Kipimo aliwasomea wateja! Nimeibandua leo asubuhi.

Najua kwa nini. Hukutaka Breki agombezwe wala mimi nivunjike moyo. Sikulaumu. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye glasi ya Breki, maana baada ya bia alitoa na jingine. Anasema kiwanda chenu hakina sauti. Hakina lori hata moja langoni. Anasema alikukuta unafagia uwanja peke yako, na milango mikubwa nyuma yako ina karatasi zenye mihuri.

"Kazi ni nyingi." Kazi gani, Mjomba?

Mpwa wako, ambaye hacheki


15 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, na samahani. Nilichelewa kwa sababu barua hii niliianza mara kadhaa na kila mara niliishia kwenye salamu.

Umenikamata. Nitaeleza tangu mwanzo, kwa sababu nikianzia katikati nitajitetea.

Kiwanda hiki ni cha ndugu wawili waliozaliwa tumbo moja na sasa hawasalimiani. Mmoja alimshtaki mwenzake. Mahakama ikaamuru kiwanda kifungwe na mali isiguswe mpaka hukumu. Siku walipokuja kufunga, wafanyakazi walitolewa nje, na wengi wakawahi basi la mchana. Mimi nilikuwa nyuma nanawa grisi. Karani wa mahakama akasema sharti mtu mmoja wa kiwanda asaini kwamba anapokea mali na ataitunza. Meneja alikuwa ameshapanda gari. Akatazama huku na huku, akaniona. Nikasaini. Mikono yangu ilikuwa bado na maji, na hadi leo karatasi ile ina doa.

Nilidhani ni ya wiki chache. Kesi imeahirishwa mpaka nimeacha kuuliza. Mara wakili anaumwa, mara jaji amehamishwa, mara ndugu mmoja kasafiri. Nami siruhusiwi kuondoka. Naweza kuvuka barabara kwenda dukani, na muuza duka huniuliza, "Fundi, leo umetoka mbali?" Zaidi ya hapo, kikipotea kitu, hata kizibo kimoja, mwizi ni mimi. Nimeomba kubadilishwa. Wanasema nilete mtu mwingine wa kusaini. Nani atasaini akiniona nilivyo? Nimeomba waweke askari wao. Wanasema mahakama haina askari wa kulinda soda.

Ukumbi wa mitambo umefungwa, lakini kuna dirisha. Umeme ulikatwa chupa zikiwa njiani. Zimesimama kwenye mkanda mpaka leo, zimejazwa, bado hazijafungwa, zinamsubiri mwenzao wa mbele atembee. Soda ilishakauka, limebaki duara la sukari katika kila chupa. Nyigu wamejenga ndani ya mtambo wa kubandika lebo. Nafagia uwanja kila asubuhi, na majani ya mti wa jirani hayana habari na mahakama.

Bia yako nilikuwa naitamani kiasi kwamba niliposoma barua nilikuwa nimeshaionja. Sehemu kubwa ya niliyoandika niliamini.

Sikuwaambia kwa sababu adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Dada yangu angepanda basi kuja kugombana na mahakama. Usimwambie.

Mjomba wako


1 Juni

Mjomba wangu, shikamoo.

Leo sina habari za paka.

Nimesoma barua yako nimekaa juu ya pipa tupu, halafu nikaisoma tena nimesimama. Umenitia huruma na umeniudhi. Lakini siwezi kukusuta, kwa sababu nami nina langu.

Mama hakukutumia salamu. Zile za Machi nilizitunga mimi, kama wewe ulivyotunga povu. Mama alianguka bafuni mwezi wa kwanza, akavunjika nyonga. Yupo kitandani. Alikataza usiambiwe. Alisema, "Kama ananijali atakuja bila kuitwa. Asipokuja nitajua." Amekuwa akijua tangu hapo. Anasema umeoa huko kisirisiri, mwanamke mnene mwenye duka, na ndiye anayekuzuia. Mwanzoni tulicheka. Sasa hatucheki, maana amegeuza uso ukutani na hataki hata mazoezi ya mguu. Daktari anasema mfupa unaunga vizuri, kinachobaki ni yeye kutaka kusimama.

Nimevunja agizo lako. Nilimsomea barua yako yote. Halafu akasema, "Aliponawa mikono. Yule tangu mtoto ananawa kama daktari wa upasuaji. Nilimwambia maji yatamponza." Mjomba, akalia. Kisha akauliza bia ni ipi hiyo ambayo watu wanaisifu bila kuinywa. Nikamletea glasi, nikatembea nayo barabarani kama nabeba taa. Akaonja, akasema, "Mpelekee ndugu yangu. Asinywe barua tena."

Kwa hiyo hii si yangu tena, ni amri ya dada yako. Lakini nikituma kama mwanzo itapasuka tena au itafika imekufa gesi. Hapa hatuna cha kufungia chupa ila vile vifuniko vya kuzungusha, hatujawahi kuhitaji kingine. Wewe umekaa juu ya kiwanda kizima cha kufunga chupa, unakiatamia kama kuku aliyetegeshewa mayai ya mawe. Niambie nifanyeje.

Mpwa wako


23 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Nyonga. Mwezi wa kwanza. Nimeliandika neno hilo kwenye karatasi tupu nikalitazama.

Jana nilitembea mpaka kona ya barabara, mahali duka halionekani tena. Nikasimama pale. Gari likapita, dereva akanipungia mkono kama mtu anayekwenda mahali. Nikarudi kufagia.

Fanya hivi. Chupa uzioshe na uzilaze kwenye barafu mpaka ziwe baridi kama bia yenyewe. Bomba liwe baridi pia. Tia mpira mwembamba bombani, ufike chini kabisa ya chupa, ujaze polepole kutoka chini. Usiogope povu. Liache lipande mpaka mdomoni, lianze kuchungulia nje, ndipo ufunge. Kizibo kikae juu ya povu, si juu ya hewa. Hewa ndiyo inayoua bia njiani. Breki asafiri asubuhi kabla ya jua, na chupa ziwe kwenye sanduku lenye barafu.

Kwa ajili ya kufunga, Breki anakuletea mashine ndogo ya mkono, ya kubana vizibo, na konzi ya vizibo. Vimetoka karakana. Karakana haina muhuri mlangoni, lakini kila kilichomo nilikisaini. Tangu nianze kutunza mali hii sijatoa hata msumari. Nimekupa mashine hii kupitia dirisha la lori, na mkono wangu ulikataa kuiachia mpaka Breki akasema, "Fundi, unanipa au tunaishikilia wote?"

Irudi mapema. Karani wa mahakama huja kukagua bila kutoa taarifa.

Mwambie dada nimesema asimame.

Mjomba wako


12 Julai

Mjomba, shikamoo.

Zimekubali! Chupa nne zimo kwenye barafu, na mashine yako nimeifunga kwenye taulo la mama. Kwanza nilipoteza chupa nyingi. Povu lilinirukia mpaka kwenye nyusi, Mzee Kipimo akasema ninaoga mali yake. Nilipomsomea maelekezo yako, "kizibo kikae juu ya povu", alivua koti, akashika mpira mwenyewe, mimi nikabana. Ya mwisho ilipofungwa akaitikisa kidogo sikioni, akasema, "Huyu mjomba wako anakunywa kwa nani?" Nikamwambia hanywi kwa mtu. Akasema, "Basi aje anywe kwangu." Hajawahi kumkaribisha mtu, hata mkwewe hulipa.

Vizibo vyenu ni vizuri, vyekundu vyenye jina la soda. Bia nyeusi imevaa kofia ya sherehe.

Mama amekaa kitandani miguu ikiwa chini. Hajasimama. Anasema anasubiri kusikia umeionja kweli, na safari hii ataujua uongo wako kwa harufu ya karatasi.

Mpwa wako


30 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Najibu kwa utaratibu, ingawa mambo yenyewe hayakuwa na utaratibu.

Breki alifika asubuhi. Safari hii alizima lori. Akashusha sanduku kama anashusha mtoto aliyelala, akaniambia, "Zote nne, Fundi. Zihesabu, kisha unisamehe." Nikazipanga juu ya meza ya chumba cha lango. Hazikuwa zimepasuka. Niliinua moja kwenye mwanga: nyeusi, tulivu, na shingoni haina nafasi hata ya unywele. Umefunga vizuri kuliko mtambo wangu. Nilikuwa natafuta cha kufungulia niliposikia mwavuli ukigonga lango.

Karani wa mahakama ni mama mmoja asiyeachana na mwavuli wake hata kama jua limelala. Ni mtu mwema. Huniletea magazeti ya zamani na dawa ya goti. Aliingia, akasalimu, akaona meza.

"Hii nini, mzee wangu?"

"Bia."

"Hiki si kilikuwa kiwanda cha soda?"

"Ndiyo, mama."

Akainua chupa, akasoma kizibo. Uso ukambadilika. "Hivi vizibo ni vya hapa. Mzee wangu, umewasha mitambo?"

Nikacheka, Mungu anisamehe. Nikampeleka dirishani akawaona nyigu. Halafu nikamweleza yote: mpwa wangu anapika bia isiyosafiri, mashine ya kubania nilimtumia, na vizibo nilimpa. Mashine yenyewe ilikuwa pale, bado imevikwa taulo la dada.

Akakaa kwenye kiti changu. Akafikiri. Akasema, "Sikiliza. Mashine imerudi. Vizibo ni konzi tu. Wewe ni mtu mwaminifu, kila mtu mahakamani anajua. Mtunzaji kama wewe nitampata wapi? Mimi sijaona kitu. Ficha chupa zako, tuendelee kama zamani."

Tuendelee kama zamani. Alisema kwa huruma, mpwa wangu, akanigusa bega. Nami nikaona wazi kilichokuwa kinanishikilia hapa miaka yote. Haikuwa ile sahihi peke yake. Nilikuwa nimetunza vizuri mno. Hakuna anayefungua lango kumtoa mtu asiyemsumbua.

Nikamwambia, "Andika, mama."

"Niandike nini?"

"Ulichoona. Mtunzaji ametoa mali ya kiwanda nje ya lango bila ruhusa."

"Baba, nikiandika hivyo lazima utolewe leo hii. Na jina lako litakaa mle milele. Mtu asiyeaminika. Umri huu?"

"Andika."

"Utaitwa kujieleza mbele ya jaji."

"Niitwe. Nitakuja. Ila waniite kutoka nje."

Alinitazama sana. Nadhani alikuwa anatafuta njia ya kunisaidia nisijidhuru. Kisha akatazama goti langu, akatazama uwanja uliofagiliwa, akafungua mkoba. Aliandika polepole, na alipofika kwenye neno "asiyeaminika" aliniuliza kama aandike jingine lililo laini. Nikamwambia hilo hilo linatosha.

Ilipofika alasiri walileta askari wawili kulinda soda. Wale ambao mahakama haikuwa nao.

Nilitakiwa nitoe anwani nitakakopatikana. Nikatoa ya dada. Kwa hiyo asije akanifukuza, ni amri ya mahakama.

Sasa bia. Mwambie dada anuse karatasi hii vizuri, ni kweli tupu: bado sijaionja. Chupa zote nne zimechukuliwa ziwe kielelezo. Zimepigwa utepe na muhuri, zimewekwa kwenye kabati la karani, na hamira yake bado hai. Nilimwonya azitunze mahali pa baridi. Akasema kabati haliko kwenye baridi. Nikamwambia basi asikae karibu nalo.

Mzee Kipimo anasema kweli. Bia hii haipaswi kusafiri, anayesafiri ni mtu. Aniwekee glasi, nitainywa pale pale kwenye bomba, halafu tutamchukulia dada ya kwake, na kama hataki kubebewa barabarani kama taa, asimame aifuate. Breki analala leo kwenye lori nje ya lango, nami naye, na tunaondoka asubuhi. Barua hii na mimi tutafika pamoja. Nimeiandika hata hivyo, kwa sababu yako ilikuwa haijajibiwa.

Kabla hawajachukua funguo, karani alinipa karatasi ya makabidhiano nisaini. Nilikuwa nimetoka kunawa. Nikamwomba asubiri, nikaifuta mikono kwa taulo la dada, kidole kimoja kimoja, mpaka ikawa mikavu kabisa, ndipo nikashika kalamu.

Mjomba wako